Drambuie: namna ya kuitumia kwenye glasi na jikoni

Chupa hii nimeikuta kwenye makabati mengi. Mtu katoka safari, kainunua uwanja wa ndege kwa kuwa rangi yake ni ya asali, kaifungua siku moja wageni walipokuja, kisha ikasukumwa nyuma ya glasi za harusi na haijatoka tena. Sababu karibu siku zote ni moja. Mnywaji wa wiski akionja anasema ni tamu mno. Anayependa mvinyo mtamu akionja anakohoa. Wote wawili wamesema kweli, maana Drambuie ni asali na ni wiski kwa pamoja, na nguvu yake ni asilimia 40, sawa na wiski ya kawaida ya dukani.

Nimeitumia kwa miaka mingi, kwanza Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, nilikofanya kazi katika jiko la hoteli, halafu nyumbani Moshi. Kilichonisaidia kuliko mapishi yote ni swali ninalojiuliza kabla ya kufungua kizibo: leo nataka utamu wake au nataka ukali wake? Nikitaka utamu, naitumia kama asali. Nikitaka ukali, naipima kama wiski. Jibu likishapatikana, kipimo, moto na wakati wa kuimimina vinajipanga vyenyewe.

Ijue chupa yenyewe

Drambuie inatoka Uskoti. Ndani yake mna wiski ya Kiskoti, asali ya maua ya heather, viungo na mitishamba. Heather ni kichaka kifupi kinachofunika vilima vya huko, na ifikapo Agosti maua yake hugeuza mlima mzima kuwa wa zambarau. Asali yake ni nzito, hukaa ndani ya chupa kama jeli mpaka uikoroge, na nyuma ya utamu kuna uchungu kidogo. Uchungu huo ndio unaofanya Drambuie isiwe kama maji ya sukari. Orodha kamili ya viungo ni siri ya kiwanda. Ulimi wangu hukutana na zafarani, karafuu, ganda la chungwa na kitu kinachokaribia shamari. Jina lake ni la Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu za Uskoti, kutoka maneno *an dram buidheach*, yaani kinywaji kinachoridhisha.

Hadithi inayosimuliwa pamoja na chupa inaanzia tarehe 16 Aprili 1746, siku jeshi la mwana mfalme Charles Edward Stuart, aliyepigania kuurudisha ukoo wake kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza, liliposhindwa vitani Culloden, huko huko Uskoti. Akakimbia na kujificha miezi kadhaa, akavuka hadi kisiwa cha Skye amevaa nguo za kijakazi, akisaidiwa na Flora MacDonald. Huko Skye, inasemwa, watu wa ukoo wa MacKinnon walimhifadhi, naye kwa shukrani akawaachia namna ya kutengeneza kinywaji chake. Mimi naipokea kama hadithi ya familia, ya kusimulia wakati glasi inazunguka. Sehemu yenye nyayo za wazi zaidi ni ya baadaye: karne ya 19, kwenye hoteli ya Broadford, hapo hapo Skye, familia ya Ross iliwauzia wageni kinywaji hicho, na jina la Drambuie likasajiliwa mwaka 1893. Mwanzoni mwa karne ya 20 Malcolm MacKinnon akaanza kukitengeneza kibiashara Edinburgh, na familia hiyo ikakishika mpaka mwaka 2014, kiliponunuliwa na kampuni ya William Grant & Sons.

Pombe tamu za aina hii huitwa likeri. Nyingi ni nyepesi kwa nguvu, na hapo ndipo watu wanapokosea kwa Drambuie: wanasikia utamu, wanamimina kama sharubati. Piga hesabu hivi. Mililita 25 za kinywaji chenye asilimia 40 zina mililita 10 za kilevi kitupu. Kwa hesabu za Uingereza hiyo ni yuniti moja kamili, na ushauri wa afya wa huko ni mtu mzima asizidishe yuniti 14 kwa wiki nzima. Glasi iliyomiminwa kwa macho, nusu ya bilauri ndogo, inaweza kubeba yuniti tatu au nne bila mnywaji kusikia ukali wowote kooni.

Hatua ya kwanza: onja kabla ya kuchanganya

Weka kijiko kimoja cha mezani kwenye glasi ndogo, bila barafu. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo ili mvuke wa kilevi usikuchome pua. Onja tone, liache lizunguke, meza. Sasa ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji safi na uonje tena. Maji yanafungua harufu: asali inarudi nyuma, viungo vinasogea mbele. Mwisho tia kipande kimoja cha barafu, subiri dakika mbili, onja mara ya tatu. Baridi inapunguza utamu ulimini na kufanya kinywaji kiwe kizito zaidi.

Zoezi hili ni la dakika tano na linakuonyesha wewe unapenda ipi. Anayependa ya kwanza ataifurahia baada ya chakula, mililita 25 kwenye glasi ndogo. Anayependa ya tatu aende moja kwa moja kwenye vinywaji vya barafu.

Chupa ikishafunguliwa haihitaji friji. Isimamishe wima, mbali na jua na jiko. Kila ukimaliza kumimina futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu sukari hukauka kwenye kizibo na siku nyingine utakivunja ukilazimisha.

Hatua ya pili: tafuta kipimo

Kikombe kidogo cha kupimia, kile cha baa, kinatosha. Huna? Kijiko cha mezani cha kupimia ni mililita 15 na cha chai ni mililita 5. Usitumie kijiko cha kulia wali, vinatofautiana mno. Na mimina kwanza kwenye kipimo, ndipo kwenye glasi au sufuria. Sababu ya hilo la sufuria utaikuta chini, na ni kubwa.

Rusty Nail, kinywaji kilichoipa umaarufu

Wiski ya Kiskoti, Drambuie, barafu, ganda la limau. Hakuna kingine. Kilipata jina kubwa Marekani miaka ya 1960, na wakati huo wengi walikuwa wakichanganya nusu kwa nusu. Kwa ulimi wangu nusu kwa nusu ni tamu kupita kiasi. Wiski inapotea, na ukimaliza glasi unataka maji. Mimi natumia sehemu tatu za wiski kwa moja ya Drambuie. Kwa anayeanza, mbili kwa moja.

Chukua glasi fupi pana. Jaza barafu kubwa, vipande vichache vikubwa badala ya vingi vidogo, kwa kuwa vidogo huyeyuka upesi na kinywaji kinakuwa maji. Mimina mililita 45 za wiski, kisha mililita 15 za Drambuie. Hapo simama uangalie. Drambuie ni nzito kwa sababu ya asali, kwa hiyo haibaki juu. Inashuka kando ya barafu kama uzi wa dhahabu, inapinda, inalala chini kabisa ya glasi. Ukiiacha hivyo utakunywa wiski tupu mwanzoni na asali tupu mwishoni. Tumia kijiko kirefu, kipitishe mpaka chini na uzungushe polepole, mara 20 hadi 25. Uzi ule unafifia, na glasi kwa nje inaota ukungu. Hapo kimeiva.

Ganda la limau ndilo watu wanaloliruka, na mimi siwezi kuliruka. Kata utepe mwembamba wa ganda la njano bila nyama yake nyeupe, ukunje juu ya glasi ili mafuta yake yarukie juu ya kinywaji, pitisha kwenye ukingo, kisha litumbukize. Harufu ile inakata utamu kabla hata hujanywa. Wiski ya kuchanganyia isiwe ya gharama. Iliyochanganywa ya kawaida inafaa sana. Ukipata yenye ladha ya moshi, kama zile za kisiwa cha Islay, ongeza Drambuie kidogo, maana moshi na asali vinapatana lakini moshi husukuma.

Ya tangawizi, kwa siku ya joto

Hii ndiyo ninayowapa wageni wasiozoea wiski. Glasi ndefu, barafu mpaka juu, mililita 30 za Drambuie, nusu ndimu uliyoikamua, jazia mililita 120 za kinywaji cha tangawizi, koroga mara moja tu ili gesi isikimbie.

Tatizo ni kwamba soda ya tangawizi tayari ina sukari, nayo Drambuie ina asali, na glasi inakuwa ya kulamba. Kuna njia mbili. Ya haraka ni kuzidisha ndimu na kuchanganya soda nusu kwa nusu na maji yenye gesi. Ninayoipenda ni hii: kwangua tangawizi mbichi, vijiko viwili vya mezani, mimina kikombe cha maji ya moto, funika dakika 15, chuja kwa kitambaa ukikamua, weka friji. Vijiko vitatu vya maji hayo, Drambuie, ndimu, na maji yenye gesi. Tangawizi yetu mbichi ina ukali wa kuchoma ambao soda haina, na asali ya Drambuie inaupokea vizuri.

Ya moto, kwa baridi ya Juni na Julai

Moshi ikishikwa na baridi ya katikati ya mwaka, hii ndiyo njia yangu. Pasha kikombe kwanza kwa maji ya moto, kimwage. Weka mililita 35 za Drambuie, kijiko cha mezani cha maji ya limau, karafuu tatu. Chemsha maji, yaache yatulie dakika mbili, mimina mililita 150. Usichemshe Drambuie yenyewe kwenye sufuria: kilevi huchemka nyuzi 78 hivi, chini ya maji, na harufu zote nzuri zinapaa nayo ukabaki na maji ya asali.

Wengi huita kinywaji hiki dawa ya mafua. Si dawa. Kinapasha koo, basi. Na aliyemeza vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi asikiguse, kwani pombe huzidisha usingizi huo.

Kahawa nayo inafuata mkondo huu huu. Mililita 30 za Drambuie, mililita 150 za kahawa nzito ya moto bila sukari, na juu krimu iliyopigwa kidogo tu, ianze kuwa nzito lakini bado imiminike. Igeuze kijiko mgongo juu, kiguse uso wa kahawa, mimina krimu taratibu juu ya mgongo wa kijiko. Utamu uliomo kwenye kahawa ndio unaosaidia krimu kuelea. Ikizama, ujue hukuipiga vya kutosha. Usikoroge. Kahawa ya moto inapita chini ya krimu ya baridi, na raha yote iko hapo.

Jikoni: kwanza moto

Kabla ya mapishi yoyote, lisome hili.

Jioni moja kule Edinburgh, tukiwa na wageni wengi, nilishika chupa nikaimimina moja kwa moja kwenye kikaangio kilichokuwa juu ya gesi. Mvuke wa kilevi ulishika moto palepale, na mwali ukapanda kufuata mkondo wa pombe kuelekea chupa mkononi mwangu. Mpishi mkuu alinivuta bega, akafunika kikaangio kwa mfuniko, moto ukazima. Niliungua vidole viwili. Chupa ingekuwa imebaki na kidogo, yaani yenye mvuke mwingi ndani, sijui ningekuwa naandika nini leo. Tangu siku ile nafuata utaratibu mmoja bila kuuvunja.

Pima Drambuie kwenye kikombe, funga chupa, iweke mbali. Zima jiko au toa sufuria kwenye moto. Mimina kutoka kikombeni. Koroga, subiri sekunde chache, ndipo urudishe kwenye moto mdogo. Mfuniko uwe karibu na mkono siku zote. Ukishika moto, funika na uzime gesi. Usimwage maji, maana kwenye kikaangio mna mafuta. Kuwasha moto makusudi ili wageni washangilie, mimi sifanyi, na wala sioni chakula kinafaidika.

Jambo la pili ni imani kwamba pombe yote huisha ikipikwa. Haiishi. Vipimo vilivyochapishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba pombe ikitiwa kwenye chakula kinachochemka na sufuria ikaepuliwa mara moja, asilimia 85 ya kilevi inabaki. Ikiwashwa moto wa kuonekana, asilimia 75 inabaki. Ikichemka taratibu dakika 15, asilimia 40. Saa nzima, asilimia 25. Hata saa mbili na nusu, asilimia 5 bado imo.

Kwa hiyo mwambie mgeni ukweli. Krismasi moja nyumbani alikuja bibi jirani yetu, Mwislamu, mtu aliyetulea sote pale mtaani. Alipoona karoti zinang'aa akaniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hizi zimetiwa nini, mbona zanukia hivi?"

"Hizo zina pombe, bibi. Zako nimezipika sufuria nyingine, kwa asali na limau, na mwiko wake mbali."

"Haya, niletee zangu."

Hakuna aliyepungukiwa, na sahani yake ilirudi tupu. Mpikie namna hiyo pia mjamzito, mtoto, na mtu aliyeacha pombe. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata hiyo ya asali tupu usimpe: asali inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto mchanga.

Karoti za kung'aa

Hapa swali letu linajibiwa kwa utamu, kwa hiyo Drambuie inachukua nafasi ya asali.

Gramu 500 za karoti, zimenye, zikate mshazari unene wa kidole kidogo. Zipange kwenye sufuria pana, maji yazifikie nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi gramu 20. Chemsha bila kufunika mpaka maji yabaki kama vijiko vitatu na karoti ziwe zimeiva ila bado zina ugumu katikati. Epua. Mimina mililita 45 za Drambuie kutoka kikombeni. Rudisha moto mdogo.

Sasa sikiliza na uangalie. Mwanzoni povu ni dogo, jeupe, lina haraka, na mvuke unachoma pua. Hicho ni kilevi na maji vinatoka. Baada ya dakika kadhaa povu linageuka: mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole, na sauti inashuka. Tikisa sufuria. Mchuzi ukishika karoti badala ya kukimbia chini yake, kamulia limau, tia pilipili manga, epua papo hapo. Dakika mbili zaidi na asali inaungua. Ikishaungua ina uchungu usioondoka kwa chochote.

Kuku wa mkaa

Mapishi ya Kiskoti hupenda kuitumia kwa samaki wa salmoni. Kwetu mimi naipenda kwa kuku. Weka kwenye sufuria ndogo, nje ya moto, vijiko vinne vya mezani vya Drambuie, viwili vya sosi ya soya, punje mbili za kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi kijiko cha chai na maji ya ndimu moja. Chemsha taratibu mpaka ibaki nusu na ishike mgongo wa kijiko.

Kosa la kawaida ni kumloweka kuku humo usiku kucha kisha kumpeleka kwenye mkaa. Asali inaungua nje, ndani damu. Mloweke kwa chumvi, ndimu na saumu kama kawaida yako, mchome mpaka akaribie kuiva, halafu dakika nane za mwisho, mkaa ukiwa umepoa kidogo, mpake mchanganyiko huo kwa brashi. Geuza, paka, geuza, paka. Mara tatu zinatosha. Kilichobaki kwenye sufuria mwagia juu ukiandaa, ila tu kama brashi iliyogusa kuku mbichi haikuingia humo.

Cranachan

Hiki ni kitindamlo cha Uskoti chenyewe, na kama utapika kimoja tu kutoka mwongozo huu, pika hiki. Kiasili ni oti, krimu, asali, wiski na rasiberi, zile tunda nyekundu laini ambazo huko Perthshire, karibu na mji wa Blairgowrie, hulimwa mashamba kwa mashamba. Drambuie ina wiski na asali ndani yake tayari, kwa hiyo inafanya kazi ya viungo viwili.

Kwa watu wanne. Kaanga gramu 60 za oti kwenye kikaangio kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka zibadilike rangi na jiko linukie kama karanga zinazokaangwa. Zimwage kwenye sahani zipoe kabisa; zikiwa za moto zinayeyusha krimu. Piga mililita 300 za krimu baridi mpaka isimame kwa ulegevu. Ongeza mililita 45 za Drambuie kidogo kidogo, ukiipindua kwa kijiko kikubwa badala ya kuipiga, maana krimu ikipigwa zaidi baada ya pombe kuingia inakatika. Onja. Kama unataka tamu zaidi, kijiko kimoja cha asali. Ponda theluthi ya gramu 250 za matunda, nyingine ziache nzima. Panga kwenye glasi: matunda, krimu, oti, matunda, krimu, na oti za mwisho juu ili zibaki na mlio.

Rasiberi ni ngumu kupatikana kwetu. Stroberi za Lushoto zinafaa, au karakara, ambayo uchachu wake napenda kuliko hata rasiberi. Embe halifai, ni tamu juu ya tamu. Kumbuka kwamba humu hakuna kilichopikwa, kwa hiyo kilevi chote kimo.

Siku ya haraka, ndizi mbivu mbili zilizopasuliwa, siagi kwenye kikaangio, rangi ya kahawia pande zote mbili, epua, vijiko viwili vya Drambuie, rudisha dakika moja, chumvi kidogo sana juu. Dakika saba na una kitindamlo.

Kama chupa haipatikani

Unaweza kutengeneza ya kwako. Haitakuwa Drambuie, na usiiite hivyo, lakini kwa karoti na kuku inatosha, na kwa asali nzuri ya misitu ya miombo ya Tabora ina tabia yake inayopendeza.

Nunua wiski iliyofungwa, yenye stempu ya ushuru, kwenye duka unaloliamini. Hili nalisisitiza: pombe kali ya magendo inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na wala huwezi kuitambua kwa kuonja. Mililita 350 za wiski weka kwenye mtungi safi wa kioo pamoja na nyuzi 10 hivi za zafarani, utepe mmoja wa ganda la chungwa, nusu kijiko cha chai cha shamari na karafuu mbili. Karafuu zitoe kesho yake bila kukosa. Zikikaa siku mbili zinameza kila kitu, na utadhani umetengeneza dawa ya meno. Vilivyobaki vikae siku nne gizani, ukitikisa asubuhi na jioni. Chuja kwa kitambaa.

Yeyusha gramu 150 za asali kwenye mililita 50 za maji ya uvuguvugu, yaani unayoweza kutia kidole. Yakipoa changanya na wiski, tikisa, acha wiki moja itulie. Chini patakuwa na ukungu wa nta na chavua. Mimina taratibu na uache ule ukungu mtungini. Nguvu yake itakuwa kama asilimia 28, kwa kuwa asali na maji vimeipunguza, kwa hiyo kwenye Rusty Nail ongeza wiski kidogo.

Tia kwenye chupa yenye kizibo kinachobana, bandika karatasi, andika kwa herufi kubwa POMBE na tarehe, na uiweke rafu ya juu kabisa, kwa sababu ina rangi ya asali, inanukia asali, na mtoto aliyetumwa kuleta asali ya uji hataona tofauti.